Winta ya kwanza Minnesota ukitokea Pwani: mwongozo kamili, kuanzia koti mpaka giza la saa kumi na nusu

Ukisema unaenda Minnesota, jimbo la kaskazini mwa Marekani, kila mtu anakwambia neno moja, baridi, beba koti. Mie niliambiwa hivo na wote, kuanzia shangazi yangu wa Chumbageni pale Tanga mpaka majirani, na hakuna hata mmoja aliyenambia habari ya giza. Sasa nimeshakaa winta za kutosha hapa Minneapolis, nafanya kazi ya zamu kwenye nyumba ya wazee, nimewapokea watu wa kwetu wengi wakiwa wageni kabisa, na kitu nilichokiona kwa macho yangu ni hiki: baridi inanunulika, yaani ukiwa na nguo sahihi na ukajua kuzivaa umeshaimaliza nusu, ila giza na kujifungia ndani ndo kunawavunja watu, na hilo halina koti. Inabidi ujipange mapema, kabla theluji haijadondoka. Ndo maana nimeupanga mwongozo huu kwa kufuata kalenda, anza pale ulipo sasa hivi.

Hatua ya 1: kabla hujapanda ndege

Usinunue koti la winta nyumbani. Karume na Gikomba kuna makoti mazuri sana lakini ni ya kukufaa Arusha au Nairobi mwezi wa 7, na hata mtu wa Njombe au Makete anayeijua sakitu ya Juni na Julai, akija huku ataanza upya. Wastani wa usiku wa Januari Minneapolis ni kama nyuzi 13 chini ya sifuri, na karibu kila mwaka kuna siku inafika 25 au 30 chini. Hela hiyo itunze, utanunua huku huku.

Ila kama unatua Desemba mpaka Februari, ongea na mwenyeji wako aje uwanjani na koti, kofia na mabuti mkononi. Na wewe kwenye begi la mkononi, sio lile la kupakia, weka sweta, soksi nzito, kofia na suruali ya pili. Begi la kupakia likichelewa siku mbili utatoka nje na nini?

Vya kubeba ni vile ambavyo huku havipatikani kirahisi au ni ghali: khanga za kuvaa ndani (nyumba zina joto, utazivaa sana), iliki na mdalasini wako wa chai, na mafuta ya nazi. Yale mafuta jua kabisa kuwa hayatayeyuka mpaka kiangazi, maana nazi inaganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, kwetu tunaona wakati wa kipupwe tu, huku ni kila siku. Unachota kwa kijiko unasugua mkononi.

Anza pia kuzoea hesabu ya Fahrenheit, maana redio, simu na wenzako kazini hawatumii Selsiasi. Shika namba chache tu: 32 maji yanaganda, 68 mpaka 70 ni joto zuri la ndani, 0 ni karibu na 18 chini ya sifuri ya kwetu, na ukifika 40 chini ya sifuri vipimo vyote viwili vinakutana, ni kitu kimoja.

Hatua ya 2: nguo, na zinunuliwe Septemba au Oktoba

Usisubiri theluji. Hapa mwaka 1991 theluji ilianza kushuka tarehe 31 Oktoba na mpaka inaacha ilikuwa zaidi ya sentimita 70, wenye nguo kabatini walivaa wakatoka na wengine wakabaki wanatafuta. Oktoba bei bado ni ya kawaida na saizi zote zipo, Desemba unabakiziwa za watu wakubwa sana au wadogo sana. Na usione haya kwenda maduka ya mitumba, Goodwill na mengineyo, koti la maana utalipata kwa bei ya chini mara nyingi kuliko jipya, wenyeji wenyewe wananunua huko.

Sasa sikiliza, hapa ndo watu wanakosea. Koti halitengenezi joto. Joto ni lako, nguo kazi yake ni kulizuia lisitoroke, na kinacholizuia ni hewa iliyotulia katikati ya nguo na nguo. Kwa hiyo nguo tatu nyepesi zinashinda koti moja zito. Ya kwanza inashika mwili, iwe poliesta au sufu, ISIWE PAMBA, manake pamba ikilowa jasho haikauki, inakaa mwilini kama kitambaa cha maji na unaanza kutetemeka ukiwa ndani ya koti la bei mbaya. Ya pili ni sweta la sufu au lile jaketi laini lenye manyoya manyoya ndani. Ya tatu ni koti lenyewe, lizuie upepo, lifike mapajani, liwe na kofia yake. Ukinunua livae juu ya sweta pale pale dukani, likikubana liache.

Miguuni pia ni hivo hivo. Mie mwaka wa kwanza nilinunua mabuti ya saizi yangu halafu nikavaa soksi 3 za pamba nikidhani nimejikinga, nikasimama kituo cha basi dakika 40, vidole vikafa ganzi. Kumbe kiatu kikibana damu haipiti, na damu ndo inayobeba joto. Chukua mabuti makubwa kidogo, vaa soksi moja nzito ya sufu, vidole viwe vinacheza mle ndani. Kama una pesa ya kununua kitu kimoja kipya basi kiwe mabuti, koti la mitumba halina shida, ila buti lililochoka soli linateleza na linaingiza maji.

Mikononi, glavu za vidole vyote pamoja, zile zenye kidole gumba peke yake, zina joto kuliko za vidole mbalimbali kwa sababu vidole vinapashana. Kofia ifunike masikio. Dada zangu mnaovaa hijabu, hijabu ya kawaida peke yake upepo unapita, vaa kofia nyembamba ya sufu chini yake au chukua hijabu ya kitambaa kizito cha winta.

Watoto waongezee nguo moja zaidi ya uliyovaa wewe, na weka glavu za akiba kwenye begi la shule kwa sababu watapoteza. Jambo moja la hatari: usimfunge mtoto kwenye kiti cha gari akiwa na koti nene. Mkanda unaonekana umekaza kumbe umekaza koti, ikitokea ajali koti linabonyea na mtoto anachomoka. Mfunge na sweta, halafu mfunike koti au blanketi kwa juu.

Hatua ya 3: nyumba

Minnesota sheria inasema nyumba ya kupanga, kama hita hauiongozi mwenyewe, mwenye nyumba lazima aifikishe Fahrenheit 68 kuanzia tarehe 1 Oktoba mpaka 30 Aprili. Kama kwako ni baridi usikae kimya ukadhani ndo maisha ya huku, mwandikie mwenye nyumba kwa maandishi na utunze nakala, asipojibu piga simu halmashauri ya mji. Na bili za umeme na gesi zikikuzidi, kuna kanuni ya kinga ya baridi katika tarehe hizo hizo inayokulinda usikatiwe, lakini haiji yenyewe, ni mpaka uwapigie uombe na mkubaliane kulipa kidogo kidogo. Hujui pa kuanzia, piga 211, omba mkalimani wa Kiswahili, utaelekezwa kwenye misaada ya kupasha nyumba.

Sasa hili nalisema kwa uchungu. USIWASHE JIKO LA MKAA NDANI. Usiwashe oveni ya gesi ukaacha mlango wazi ili upate joto. Usiwashe gari ndani ya gereji, hata kama umefungua mlango. Kwetu jiko la mkaa linakaa uani au jikoni penye madirisha na hewa inapita, nyumba za huku zimezibwa kila upenyo ili joto lisitoke, basi na moshi hautoki. Ile gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu, haina rangi, unasikia kichwa kinauma, unasinzia, na hauamki. Angalia leo kama kuna kile kifaa cha kuinusa karibu na vyumba vya kulala, kibonyeze kitoe mlio. Kikilia usiku toa watu wote nje kwanza, hata na blanketi, ndo upige 911.

Hita ndogo ya umeme ikae mita moja mbali na kitanda na mapazia, na uchomeke ukutani moja kwa moja, sio kwenye waya wa kurefusha. Usiku wa baridi kali sana fungua makabati ya chini ya sinki na acha bomba lidondoshe tone tone, maji yakigandia ndani ya bomba linapasuka. Na ukisafiri usizime joto kabisa, acha angalau Fahrenheit 55.

Hatua ya 4: giza, na hii anza nayo kabla haijafika

Tanga iko nyuzi 5 kusini ya ikweta, tofauti ya siku ndefu na siku fupi kwa mwaka mzima ni kama nusu saa tu, magharibi yako unaijua bila saa. Minneapolis iko nyuzi 45 kaskazini. Jumapili ya kwanza ya Novemba saa zinarudishwa nyuma, na kuanzia hapo jioni inapotea ghafla. Ikifika Desemba jua linachomoza inakaribia saa mbili asubuhi na linazama saa kumi na nusu. Yaani Muislamu utaona adhuhuri, alasiri na magharibi zinafukuzana kuanzia saa sita na robo mpaka saa kumi na nusu, ukiwa na zamu ya mchana usipopanga na msimamizi wako mapema swala zinakupita. (Wenye kutawadha kazini, ile ruhusa ya kupangusa juu ya khufu, zile soksi za ngozi, imenisaidia sana, mkaazi siku moja mchana na usiku wake, msafiri siku 3. Na kausha mikono vizuri kabla hujatoka nje.)

Sasa mtu anaingia kazini giza, anatoka giza, anafika kwake anafunga mlango anajifunika blanketi na simu. Wiki ya kwanza sawa. Wiki ya tatu anaanza kulala masaa 11, anakula mikate mikate na vitamu, simu za nyumbani hapokei, anajiona mvivu na wengine wanaanza kudhani wamerogwa. Nimemwona binti mmoja mchapakazi kweli kweli akafikia kuacha masomo, na wote tulidhani ni kiburi. Kumbe ni ugonjwa unaojulikana, sonona ya majira, madaktari wameuandika tangu 1984, na una tiba.

Fanya hivi, na uanze Oktoba ukiwa bado una nguvu:

Toka nje mchana kila siku, hata dakika 20, hata kuna mawingu, hata ni mapumziko ya chakula kazini. Mwanga wa nje wa siku ya mawingu bado unashinda taa za ndani kwa mbali. Nyumbani sogeza kiti chako unachokaa kwenye dirisha la kusini, jua la huku winta linapita upande wa kusini chini chini.

Nunua ile taa ya mwanga wa laksi 10,000, ikae mezani karibu na uso kama urefu wa mkono, usiitazame moja kwa moja, asubuhi ukinywa chai dakika 20 mpaka 30. Asubuhi, sio usiku, usiku itakunyima usingizi. Ukiwa na shida ya macho au unatumia dawa za akili muulize daktari kwanza.

Vitamini D. Ngozi nyeusi inahitaji jua zaidi kuitengeneza, na kwa latitudo hii jua la Novemba mpaka Februari halina nguvu hiyo hata ukilala uchi kwenye theluji. Ukienda kliniki omba wakupime damu. Kiwango cha kawaida kinachoshauriwa Marekani kwa mtu mzima ni yuniti 600 kwa siku, ukikutwa umepungukiwa daktari atakupandishia, usijipandishie mwenyewe.

Na watu. Hili ndo kubwa kuliko taa. Panga siku moja ya wiki isiyobadilika ya kuonana na binadamu, iwe msikitini, kanisani, au nyumba ya mtu. Sisi tuna Jumamosi, mmoja anapika pilau, wengine wanaleta chapati na mbaazi, wanakuja Wakenya wa Brooklyn Park, wanakuja Wakongo, Kiswahili kinachanganyika lakini kicheko ni kimoja, na sheria ni kwamba theluji sio sababu ya kutokuja, tunafuatana kwa gari. Asiyetokea mara mbili tunamfuata kwake. Yule binti tungekuwa tumeshaanza utaratibu huu wakati ule tungemgundua mapema.

Kuna sehemu moja nampeleka kila mgeni wangu Januari, bustani ya vioo ya Como Park kule Saint Paul, ilifunguliwa 1915, kuingia ni bure unachangia ukipenda. Unatoka kwenye baridi inayokata uso unafungua mlango unakutana na miti ya jamii ya mnazi, majani makubwa, hewa nzito yenye unyevu, miwani inafunga ukungu. Wengi wananyamaza wakiingia. Mmoja alikaa kwenye benchi akalia, nikamwacha, baadae akasema pananukia kama kwa bibi baada ya mvua.

Ikifika mahali unawaza kujidhuru, usingoje Jumamosi, piga 988 saa yoyote.

Hatua ya 5: ngozi na nywele

Hewa ya winta ni kavu mno, na hita inaikausha zaidi. Ngozi inapauka, midomo inapasuka, pua inatoka damu asubuhi, ukishika kitasa unapigwa na shoti kidogo. Sio ugonjwa. Oga maji ya vuguvugu kwa muda mfupi, najua maji ya moto yanavutia lakini yanatoa mafuta ya ngozi, kisha jipake ukiwa bado na umajimaji, Vaseline au siagi ya shea, losheni nyepesi haitoshi. Chumbani weka kile kimashine cha kutoa mvuke. Kunywa maji hata kama husikii kiu. Nywele zikaushe kabisa kabla ya kutoka, na kofia ya sufu itie kitambaa cha satini ndani manake sufu inakata nywele zetu.

Hatua ya 6: njiani

Barafu mbaya ni ile usiyoiona, lami inaonekana imelowa tu. Tembea kama bata: hatua fupi, unyayo wote chini, magoti yalegee, mikono nje ya mifuko. Mjini katikati kuna zile njia za juu za vioo zinazounganisha majengo, jumla kama kilomita 15, jifunze ramani yake Oktoba. Baadhi ya vituo vya basi vina hita, tafuta kitufe ubonyeze. Simu iweke mfuko wa ndani, baridi inaua betri ukiwa na asilimia 40.

Kwa wenye gari: tangi lisishuke chini ya nusu, betri ya zamani ibadilishwe kabla ya Desemba, maji ya kuoshea kioo yawe yale ya bluu ya winta. Usimwage maji moto kwenye kioo kilichoganda, kitapasuka. Toa theluji yote hadi juu ya paa, na angalia bomba la moshi halijaziba. Kwenye barafu kusimama kunaweza kuchukua mara 10 ya umbali wa kawaida, kwa hiyo acha nafasi na usifunge breki ghafla. Buti la gari liwe na blanketi, koleo, mchanga kidogo, tochi na chakula. Ukikwama barabarani baki ndani ya gari. Na ikitangazwa dharura ya theluji Minneapolis, kuna siku 3 za zamu za kuegesha, upande gani siku gani, ukikosea gari linavutwa na kulikomboa ni hela nyingi, jiandikishe upate ujumbe kwenye simu.

Hatua ya 7: siku za baridi ya kuua

Tarehe 30 Januari 2019 hapa ilifika Selsiasi 33 chini ya sifuri, na posta ikasitisha kugawa barua siku hiyo. Siku za namna hii mara nyingi zina jua kali na anga safi, usidanganyike, mawingu yakikosekana joto la ardhi linapaa lote. Kwenye simu angalia ile namba ya inavyohisika na upepo. Ikifika Fahrenheit 19 chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya nusu saa.

Dalili: kidole, sikio au pua inachoma, halafu inaacha kuuma. Ikiacha kuuma ndo hatari. Kwenye ngozi yetu hautaona wekundu wanaouandika vitabuni, utaona imefifia kijivu, inang'aa kama nta, ngumu ukibonyeza. Ingia ndani, usisugue, usipashe kwenye moto wala hita kwa sababu huna hisia na utaungua. Tumbukiza kwenye maji ya vuguvugu, ya Selsiasi 37 mpaka 39, apime mtu mwingine kwa kiwiko, halafu hospitali. Mie ile siku ya kituo cha basi nilimwagia maji ya moto, nikatoka malengelenge, na mpaka leo vile vidole viwili vikipata baridi kidogo vinaniuma.

Mtu akitetemeka sana kisha akaacha, akaanza kuongea kama mlevi au kujichanganya, hiyo ni 911, mvue nguo zilizolowa mfunike. Na pombe haipashi mwili, inafungua mishipa ya ngozini joto linatoka, unasikia moto huku unapoa.

Kwenye maziwa utaona watu wanatembea na kuvua samaki juu ya barafu. Usiwafuate mwanzoni mwa Desemba wala Machi. Inatakiwa barafu safi isiyopungua sentimita 10 kwa mtu wa miguu, nenda na mwenyeji mwenye kipimo.

Hatua ya 8: Machi na Aprili

Jumapili ya pili ya Machi saa zinarudi mbele, jioni inarefuka, na utashangaa nyuzi 5 unatoka na sweta tu wakati Oktoba nyuzi 10 zilikuliza. Usifungie koti bado, katikati ya Aprili 2018 ilishuka theluji nzito hapa, mabega yakiwa yameshaanza kuzoea jua. Machi ndo mabuti na makoti yanauzwa kwa bei ya kutupa, nunua ya mwakani, ya watoto ongeza saizi moja. La kwako lifue, likauke kabisa, litundike, na kwenye mfuko wake acha glavu, ili akija mgeni Januari ijayo uwe na cha kumpelekea uwanja wa ndege.